Kila mtu ana sinusi: vyumba vya hewa usoni na sauti za puani

Ziba pua kwa vidole viwili, kisha utamke majina ya wilaya saba za Maniema. Kailo na Lubutu yatatoka salama. Kibombo, Kasongo, Kabambare, Pangi na Punia yatakwama mahali fulani, na jina la jimbo lenyewe, Maniema, litaharibika kuliko yote, maana lina sauti tatu za puani. Sasa jaribu kuvuta sauti ya «aaa» huku pua imezibwa: inaendelea bila shida. Jaribu «mmm»: inakatika mara moja.

Jaribio hili dogo linaonyesha kwamba baadhi ya sauti za lugha zinahitaji pua na nyingine haziihitaji. Lakini watu wengi wakiulizwa ni nini hasa ndani ya pua kinachozipa sauti hizo mlio wake, wanajibu: sinusi. Walimu wa kwaya nao huwaambia waimbaji waipeleke sauti «kwenye sinusi» ili iwe na nguvu. Makala haya yanaeleza sinusi ni nini, ziko wapi, zinafanya kazi gani, na zinahusiana vipi na sauti tunazozichunguza sisi wanafunzi wa lugha. Tutaona kwamba sinusi zinaisaidia sauti kidogo sana. Tutaona pia kwamba anayezisingizia sinusi anaweza kukosea katika kazi yake, awe mtafiti anayerekodi lugha au mwalimu anayesahihisha matamshi ya mtoto.

Neno limehama

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kilatini, sinus ni mkunjo, ghuba au mahali palipoingia ndani. Wataalamu wa mwili walilichukua kutaja nafasi zilizo wazi ndani ya mifupa ya uso. Kwetu Kongo neno limepitia Kifaransa, nasi tunaandika sinusi. Tanzania na Kenya limepitia Kiingereza, na huko husikika sainasi.

Njiani neno limebadilika maana. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akisema «nina sainasi», anataka kusema kwamba anaumwa. Jina la kiungo limekuwa jina la ugonjwa wa kiungo hicho, kama vile mtu anavyoweza kusema «ana moyo» akimaanisha maradhi ya moyo. Kwa upande wa elimu ya mwili, sentensi hiyo ni ya kweli lakini haitoi habari yoyote, kwa sababu kila mtu ana sinusi. Kifaransa hutenganisha sinus, yaani kiungo, na sinusite, yaani ugonjwa. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo kwa urahisi: sinusi kwa kiungo, uvimbe wa sinusi kwa ugonjwa.

Kutenganisha huku kuna faida ya kweli. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 3,000 waliojiambia, au walioambiwa na daktari, kwamba maumivu yao ya kichwa yanatoka kwenye sinusi. Walipochunguzwa kwa utaratibu, asilimia 88 yao walionekana kuwa na dalili za migreni. Hapo neno la Kiswahili la zamani, kipandauso, lina busara yake: linataja mahali panapouma wala halidai kujua chanzo. Neno sinusi linapotumiwa kama jina la maumivu hutaja chanzo kabla ya mtu kuchunguzwa.

Vyumba vinne kila upande

Binadamu ana makundi manne ya sinusi, kila moja likiwa na sehemu ya kulia na ya kushoto. Zote ni vyumba vya hewa ndani ya mfupa, na zote zina vitundu vyembamba vinavyofungukia ndani ya pua.

Kubwa kuliko zote ni sinusi za taya la juu, zilizo ndani ya mashavu, chini ya macho. Kwa mtu mzima, kila moja huchukua hewa ya mililita 15 hivi, sawa na vijiko vitatu vidogo vya chai. Leonardo da Vinci alizichora mnamo 1489, na mwaka 1651 daktari Mwingereza Nathaniel Highmore alizieleza kwa urefu katika kitabu chake cha elimu ya mwili, hata zikaitwa kwa jina lake kwa muda mrefu. Sakafu ya chumba hiki iko karibu sana na mizizi ya magego ya juu. Ndiyo maana jino lililooza linaweza kuleta usaha ndani ya sinusi, na uvimbe wa sinusi unaweza kumfanya mtu adhani anaumwa jino.

Kundi la pili ni sinusi za paji la uso, juu ya nyusi. Mtoto mchanga hana vyumba hivi. Huanza kuonekana vizuri kwenye picha za eksirei mtoto afikapo miaka sita au saba, na huendelea kukua mpaka ujanani. Watu wengine hukua bila kuwa na kimoja au vyote viwili, wala hawapungukiwi na kitu. Umbo lake hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, kiasi kwamba wataalamu hulinganisha picha za paji la uso ili kumtambua marehemu asiyejulikana.

Kundi la tatu ni sinusi za ethmoidi, kati ya pua na macho. Hizi si chumba kimoja. Ni vijumba vidogo vingi vilivyokaa pamoja kama masega ya nyuki. Ukuta unaovitenga na jicho ni mwembamba mithili ya karatasi, kwa hiyo uambukizo wa hapo, hasa kwa watoto, unaweza kupita na kulivimbisha jicho. Kundi la nne ni sinusi za sfenoidi, zilizo nyuma kabisa, karibu na katikati ya kichwa. Juu yake imekaa tezi ndogo ya pituitari, na kando yake hupita mishipa ya fahamu ya macho. Madaktari wa upasuaji hupitia puani na katika sinusi hizi ili kuifikia tezi hiyo bila kufungua fuvu.

Ndani ya vyumba vyote mna utando unaotoa ute. Juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikiusukuma ute kuelekea kwenye kitundu cha kutokea. Katika sinusi ya shavuni kitundu hicho kiko juu, karibu na dari. Ute hauwezi kushuka wenyewe kama maji ya mtoni, lazima upandishwe. Mafua yakiuvimbisha utando, kitundu huziba na ute hukwama ndani. Moshi wa kuni na wa sigara nao huvidhoofisha vinyweleo hivyo. Kwa kawaida uvimbe wa sinusi huletwa na virusi vya mafua na hupona wenyewe, bila antibiotiki. Lakini ukizidi siku kumi bila nafuu, au mtu akivimba kando ya jicho, akianza kuona vibaya, au akiwa na homa kali na maumivu makali ya kichwa, ni lazima amwone daktari bila kukawia.

Zinafanya kazi gani?

Swali hili limejibiwa kwa njia nyingi, na majibu mengi hayakudumu. Jibu la zamani lilisema sinusi zimewekwa ili kupunguza uzito wa kichwa. Mwaka 1877 Wajerumani Braune na Clasen walipiga hesabu: kama sinusi zote zingejazwa mfupa wa kawaida wenye vishimovishimo, uzito wa kichwa ungeongezeka kwa asilimia 1 tu. Shingo isingehisi tofauti.

Jibu la pili linasema sinusi hupasha joto na kulowanisha hewa tunayovuta. Kazi hiyo ipo, lakini hufanywa hasa na pua yenyewe, kwa sababu hewa inayoingia na kutoka sinusi kwa pumzi moja ni kidogo sana. Jibu la tatu linaziona sinusi kama nafasi tupu inayobaki pale ambapo uso unapokua hauhitaji mfupa mzito. Wanaolitetea hutaja mafuvu ya kale kama lile la Kabwe, lililopatikana mwaka 1921 katika nchi inayoitwa leo Zambia: lina matuta makubwa juu ya macho, na ndani ya matuta hayo mna sinusi kubwa mno.

Jibu lililothibitishwa vizuri ni la karibuni. Mwaka 1995 Jon Lundberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba utando wa sinusi hutengeneza kwa wingi gesi iitwayo monoksidi ya nitrojeni, kwa kifupi NO. Gesi hii huzuia vijidudu kuzaana, na ikivutwa pamoja na hewa hufungua mishipa ya damu ya mapafu ili yachukue oksijeni vizuri zaidi. Kwa hiyo sinusi si ghala tupu. Angalau katika jambo hili moja, ni kiwanda kidogo cha kulinda njia ya hewa.

Je, sinusi hutoa sauti?

Tufike sasa kwenye swali letu. Wazo kwamba sinusi ni vyumba vya mwangwi vinavyokuza sauti linatokana na jambo la kweli: mtu akiimba kwa nguvu anahisi mtetemo mashavuni na kwenye paji la uso. Lakini mtetemo huo ni matokeo ya sauti iliyokwisha kutengenezwa kooni na kinywani. Unafika usoni kwa kupitia mifupa. Gitaa likipigwa juu ya meza, meza nayo hutetemeka, lakini hatusemi kwamba meza ndiyo inayopiga muziki.

Mwaka 1956 Mmarekani Warren Wooldridge alifanya jaribio rahisi. Waimbaji wenye ujuzi walizibwa njia za pua kwa kitambaa cha chachi, wakaimba irabu. Kisha wakaimba tena bila kuzibwa. Wasikilizaji wataalamu hawakuweza kutambua lini pua ilikuwa imezibwa. Ikiwa pua nzima inaweza kufungwa bila irabu kubadilika, basi vyumba vilivyo nyuma ya pua haviwezi kuwa ndivyo vinavyoipa irabu nguvu.

Kwa sauti za puani mambo ni tofauti kidogo, na hapa lazima tujue mhusika mkuu. Nyuma ya kaakaa gumu kuna kaakaa laini, linaloishia kwenye kilimi. Likiinuka, hufunga mlango wa pua, na hewa yote hupita kinywani: ndivyo tunavyopata p, b, t, d, s na irabu za Kiswahili. Likishuka, mlango hufunguka na hewa hupita puani: ndivyo tunavyopata m, n, ny na ng'. Kwa hiyo tofauti ya b na m iko katika mlango huo tu. Midomo hufanya kazi ileile.

Na sinusi je? Katika miaka ya 1990, Jianwu Dang na Kiyoshi Honda walipima njia ya pua huko Japani wakitumia picha za ndani ya mwili na vipimo vya sauti. Waligundua kwamba katika sauti za puani sinusi zinaacha alama, lakini alama hiyo ni ya kupunguza. Kila sinusi, pamoja na kitundu chake, hufanya kama chupa yenye shingo nyembamba: huvuta nguvu ya sauti kwenye masafa yake yenyewe na kuyafifisha. Kwa vile sinusi za watu hazifanani, alama hizo nazo hutofautiana kati ya msemaji na msemaji. Basi sinusi zinachangia kidogo katika rangi ya sauti za puani, ila hazizitengenezi wala hazizikuzi.

Sauti inazihudumia sinusi

Kuna upande wa pili wa uhusiano huu. Mwaka 2002 Eddie Weitzberg na Lundberg walipima hewa inayotoka puani mtu anapopumua kimya, na anapofumba mdomo na kuvumisha «mmm». Wakati wa kuvumisha, kiasi cha NO kilikuwa takribani mara 15 ya kile cha kupumua kimya. Sababu ni kwamba mtetemo wa sauti huisukuma hewa ndani na nje ya vitundu vya sinusi. Gesi iliyokusanyika humo hutoka, na hewa mpya huingia haraka.

Matokeo hayo si dawa ya uvimbe wa sinusi, na asitokee mtu wa kuyauza kama dawa. Umuhimu wake kwetu ni mwingine: yanageuza swali la zamani. Kwa muda mrefu watu waliuliza sinusi zinaisaidia vipi sauti. Kilichopimwa ni kwamba sauti ya puani ndiyo inayozisaidia sinusi kupata hewa. Mama anayembembeleza mtoto kwa «mmm» anavipitishia hewa vyumba vyake vya uso bila kujua.

Uwanjani na darasani

Sasa tuone kwa nini mwanafunzi wa lugha ajue haya. Tuchukue mtu mwenye mafua. Njia ya pua imevimba na kuziba. Hata kaakaa laini likishuka, hewa haipiti. Sauti za puani zinageuka kuwa ndugu zao wa kinywani: mama inasikika baba, nawa inasikika dawa, meza inasikika beza, na anayeomba mia anaweza kueleweka kuwa anataka bia. Kifaransa nacho kinapata shida, kwa sababu bon na beau hutofautishwa hasa na pua, na hapo hukaribiana.

Kati ya watu wanaozungumza lugha moja, muktadha huokoa maana. Mtafiti anayerekodi lugha asiyoizoea hana msaada huo. Katika lugha za Kibantu sauti ya puani mwanzoni mwa neno mara nyingi hubeba ngeli. Kiswahili kina ubao na mbao, ulimi na ndimi, udevu na ndevu. Msemaji mwenye mafua akisema mbao, mgeni anaweza kuandika bao, na neno linahamia ngeli nyingine kabisa. Fikiria mwanafunzi aliyesafiri kutoka Kindu hadi kijiji cha Kibombo kurekodi Kikusu kwa mzee mmoja tu, siku mbili tu. Kama mzee alikuwa na mafua siku hizo, jedwali zima la ngeli linaweza kuingia dosari, na wasomaji wa baadaye hawatakuwa na njia ya kuijua.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kurekodi, weka kioo kidogo kikavu na baridi chini ya pua ya msemaji, baada ya kumwomba ruhusa kwa adabu. Avute «mmm»: kioo kinapaswa kupata ukungu. Kisha arudie «papapa»: kioo kinapaswa kubaki safi. Ukungu ukikosekana kwenye «mmm», pua imeziba. Ahirisha, au andika jambo hilo katika daftari la utafiti pamoja na tarehe.

Jaribio hilohilo linafaa darasani, na huko linamhusu mtoto. Kiswahili husema kwamba mtu «anasema kwa pua» au ana king'ong'o, na maneno hayo hutumika kwa hali mbili zinazopingana. Ya kwanza ni pua iliyoziba, inayomgeuza mama kuwa baba. Ya pili ni mlango wa pua usiofunga: hewa huvuja puani hata pale isipotakiwa, na baba husikika kama mama. Hali ya pili inaweza kuonekana kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Mpasuko mwingine umefichika chini ya ngozi ya kaakaa, na mtu akichungulia kinywani hauoni kwa urahisi.

Mtoto wa hali ya kwanza, kama inadumu miezi, huenda ana nyama zilizovimba nyuma ya pua na anahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto wa hali ya pili huenda anahitaji upasuaji, kisha mazoezi ya kusema. Hakuna hata mmoja kati yao atakayesaidiwa kwa kuambiwa mbele ya wenzake atamke vizuri, au kwa kuambiwa kwamba «ana sinusi» na itapona. Anayekaripiwa hivyo hujifunza kunyamaza, na akinyamaza darasani, kusoma kwake nako kunarudi nyuma.

Wengi wetu tutakuwa walimu Kindu, Kibombo, Kasongo na kwingineko. Hatutakuwa madaktari, wala hatutakiwi kutaja ugonjwa. Lakini fonetiki inatupa maarifa ambayo mara nyingi mzazi hana: tunaweza kusema kama hewa inakosa kupita puani au inapita kupita kiasi, katika sauti zipi, na tangu lini. Barua fupi ya mwalimu yenye mambo hayo matatu, iliyoandikwa kwa maneno yaliyo wazi, itamfikisha mtoto kwa mtu anayeweza kumtibu.